Bomba la Kupulizia la Kuvutwa na Trekta: Nimelitumia Msimu Mzima Kwenye Ufuta

Habari za leo wakulima wenzangu. Niko Mtama hapa, mkoa wa Lindi, pembeni ya shamba la ufuta, na hili mnaloliona nyuma yangu ni bomba la kupulizia dawa linalovutwa na trekta. Dukani halikutoka. Nimelitengeneza na fundi wa kuchomelea hapa hapa mjini. Wengi mliniomba nilionyeshe tangu siku ya kwanza nikakataa, nilitaka kwanza bomba lionje vumbi na matuta ndipo niwaambie kitu cha kweli.

Tuanze na chini. Ekseli na magurudumu ni ya pikapu chakavu. Juu yake kuna fremu ya chuma cha pembe, na juu ya fremu pipa la plastiki la lita 200. Najua mtaniuliza, mbona usiweke tanki la lita 1000 ukajaza mara moja? Lita moja ya maji ni kilo moja. Hiyo ni tani nzima juu ya ekseli kuukuu. Ukiteremka kuelekea bonde la Lukuledi na tanki nusu, maji yanacheza ndani na tela linaanza kusukuma trekta. Pipa la 200 linanitosha.

Jambo ambalo fundi hakulijua, na ningependa fundi wako alijue: pima upana kati ya matairi ya nyuma ya trekta, kisha matairi ya tela yapite kwenye nyayo zile zile. Ufuta ukishaota, kila tairi linalopita njia yake ni mstari uliolala.

Sasa sogea hapa uone mkono wa kupulizia. Una noozi 8, yaani vichwa vya kutolea dawa, kila moja sentimita 50 kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo unafunika mita 4. Angalia rangi: njano. Noozi ya njano ya 110-02, yaani pembe ya nyuzi 110 na saizi 02, inatoa lita 0.8 kwa dakika shinikizo likiwa bar 3. Zote nane zinatoa lita 6.4. Trekta nalipeleka kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa dakika moja. Pigeni vigingi viwili mita 100 mbali, shika simu, hesabu sekunde 60. Kwa mwendo huo ekari moja inakwisha kwa dakika kama 10, na imekula lita 64 au 65. Ni sawa na bomba la mgongoni la lita 16 ukijaza mara nne. Pipa moja, ekari tatu. Dawa yangu naipima kwa hesabu hiyo, sikadirii kwa kifuniko cha chupa.

Msinunue noozi moja moja kila mwenye duka akikupa ya rangi yake. Nimeona bomba lenye noozi za rangi tatu, shamba likawa na milia kama pundamilia: mstari umeungua, mstari majani yanachekelea. Pampu na noozi ndivyo vilivyomeza pesa nyingi hapa, na hapo ndipo sitakubali mtu apunguze. Chuma chakavu kitafanya kazi. Noozi iliyochakaa haifanyi.

Pampu ni ya volti 12, inakula betri ya trekta. Kibandiko chake kinasema lita 17 kwa dakika, ila hicho ni kipimo cha maji yanayotoka bila kubanwa. Ikifika bar 3 inashuka, na bado inatosha noozi na kiasi cha kurudisha ndani ya pipa kupitia huu mpira mwembamba. Huo mpira ndio unaokoroga. Dawa ya unga bila kukorogwa inatuama chini, ekari ya kwanza inapata nzito, ya tatu inapata maji. Weka fyuzi kwenye waya wa pampu, na chujio kabla ya pampu. Mchanga wetu huu unaziba noozi haraka sana.

Nawaeleza sasa lililoniumiza. Jirani aliliazima kupulizia mahindi kwa 2,4-D, dawa ya kuua magugu. Akasuuza mara moja, akanirudishia. Mimi nikaweka dawa ya nyasi, nikaingia kwenye ufuta. Siku chache baadaye vichwa vya ufuta vikajisokota, majani yakakunjamana kama yamepikwa. Ile 2,4-D inaua mimea ya majani mapana, na ufuta ni wa majani mapana. Mabaki kidogo yaliyonyonywa na mpira yalitosha. Robo ekari ilikwenda, na iliniuma kwa sababu nilikuwa nimeipalilia mwenyewe. Tangu siku ile nasuuza mara tatu, mara moja kwa sabuni, na maji hayo nayapitisha pampuni na kwenye noozi zote. Chujio nalitoa nalisugua. Maji ya kusuuza nayamwaga mbali na kisima. Na kwa 2,4-D nina mipira yake ya pembeni.

Mikorosho je? Hapa niwe mkweli. Mkono huu unakaa sentimita 50 juu ya mmea, mkorosho uko juu kabisa, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unashambulia machipukizi na maua. Mashine ya upepo, ile ya mgongoni yenye injini, ndiyo inayofika. Wenzetu wa Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya kutafuta, salfa ya unga wanayopulizia ubwiriunga haihitaji maji kabisa, sioni sababu ya kubeba pipa. Kwa mimi ni bomba la ufuta, choroko na mahindi, na kwa kazi hiyo ningelitengeneza tena kesho.

Haya, fundi, washa. Mtazame noozi ya tatu kutoka kushoto, inatoa kwa kuchechemea. Nazima, nafungua, naisafisha kwa mswaki laini, sitii msumari, msumari unapanua tundu. Nawasha tena. Sasa zote nane ziko sawa, tunaingia shambani.