Uzoefu wangu na kalmegh kwa mafua na ini

Uchungu kwanza, maana ndio kila mtu huniuliza. Kalmegh, mmea wa dawa, ni chungu kama shubiri. Nimetumia unga wa majani na nimetumia kapsuli. Unga ukigusa ulimi, uchungu unateremka hadi kooni na kung'ang'ania hapo hata ukisukutua. Kinacholeta uchungu huo ni andrografolaidi, kemikali ileile inayotegemewa kutibu, ndiyo maana unga usio mchungu siuamini. Mmea wenyewe, Andrographis paniculata, asili yake ni India na Sri Lanka, na China na Thailand nako ni dawa ya siku nyingi ya homa na koo.

Kwangu faida yake nimeiona kooni. Mafua yakianza na koo linawasha, nikiiwahi siku ya kwanza, maumivu hupoa mapema kuliko nilivyozoea na kikohozi hakikomai. Majaribio kadhaa kwa wagonjwa wa mafua yameonyesha nafuu ya namna hiyo, ya wastani tu. Nikishapona naacha. Sioni sababu ya kuinywa mwaka mzima eti kuongeza kinga.

Kuhusu ini niwe mkweli, kwa kuwa wengi hununua kwa sababu hiyo. Chupa nyingi zinadai inalinda ini au kulisafisha. Sehemu kubwa ya ushahidi huo imetoka kwa wanyama wa maabara, na kuna watu ambao vimeng'enya vyao vya ini vilipanda, dalili kwamba ini linaweza kuwa linaumia, walipotumia dozi kubwa. Mimi sikuhisi lolote upande huo, na hata ningehisi, hali ya ini hujulikana kwa kipimo cha damu. Mwenye homa ya ini tafadhali asiache dawa za hospitali kwa ajili ya mmea huu.

Nikinywa tumbo likiwa tupu kichefuchefu hunipata, kwa hiyo hunywa baada ya kula. Mamlaka ya dawa ya Australia imeonya kwamba inaweza kuvuruga au kupoteza ladha mdomoni, na pia kuleta mzio mkali. Ukivimba midomo au kupumua kwa shida, kimbilia hospitali. Mjamzito asiiguse kabisa. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu, za presha, za kisukari au za kushusha kinga amwone daktari kwanza.

Siku hizi nanunua kapsuli pekee, na jambo la kwanza ninalosoma ni miligramu za andrografolaidi. Tafiti za mafua mara nyingi zimetumia takriban miligramu 60 kwa siku. Thailand, wakati wa UVIKO-19, iliwapa wagonjwa wenye dalili ndogo miligramu 180 kwa siku, kwa siku 5 tu. Kopo lililoandikwa uzito wa unga bila miligramu za andrografolaidi huwa nalirudisha rafuni, hata likiwa na sifa nzuri kiasi gani.