Siku tatu kwenye Benki: uzoefu wangu wa kuvua kilindini kutoka Malindi

Nianze na samaki, maana najua ndiye mnayemsubiri. Kwa siku tatu kwenye Benki, miinuko iliyo chini ya bahari mbali na pwani, kulala mara mbili, tulipata jodari 11, fulusi 4, nguru 2, sulisuli 3 na marlini mmoja wa milia. Samaki mwingine mkubwa, wa usiku, alitukatikia. Fundi wa friji katika kundi letu akimsimulia mpaka leo huinuka kitini. Wote wenye mdomo wa sindano, yaani sulisuli na marlini, tuliwarejesha baharini wazima, na hapo ndipo mama aliponigombeza. Nitafika huko.

Tulikuwa wanne: mimi, huyo fundi, mwalimu mmoja wa Kilifi na shemeji yangu anayeuza vipuri vya magari Mombasa. Hakuna tajiri kati yetu. Tulianza kuchanga mwezi wa Juni, kila mtu Sh10,000 kwa mwezi, na kufikia mwisho wa Januari mfuko ulikuwa na Sh320,000. Ndiyo bei tuliyopatana na kampuni: boti, nahodha, mabaharia wawili, mafuta, chambo, vifaa na kile walichokiita chakula kamili. Jina la kampuni naliweka kando kwa sababu bado tunadaiana. Ninachotaka mjue ni yale ya kuuliza kabla pesa hazijatoka mfukoni, kwa kuwa sisi hatukuyauliza.

Msimu tuliupatia. Kusi likishika, wenye boti wengi huzipandisha nchi kavu kuzikarabati, na usiwalaumu. Kaskazi ndiyo yenyewe: sulisuli huanza kujaa kuelekea mwisho wa mwaka, marlini wakafuata Januari hadi Machi. Tukachagua Februari. Ufuo wa Malindi wakati huo una rangi ya chai ya maziwa kwa tope la mto Sabaki, na mwalimu alipoyaona maji aliuliza kama ndiyo hayo tuliyochangia miezi minane. Tulipokwenda mbali kidogo rangi ikabadilika ghafla, huku kahawia, kule buluu ya wino. Nahodha akapunguza mwendo palepale mpakani, mabaharia wakalaza fito mbili ndefu pembeni kutanua mishipi, tukaanza kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayokwenda. Jodari wa kwanza alituma salamu kabla hatujamaliza mahamri.

Aliyezoea kurambaza kwa mashua atashangaa mwendo wenyewe. Chambo ni bandia, cha plastiki chenye vishada, na boti inakwenda maili 7 au 8 za baharini kwa saa ili kirukeruke juu ya povu kama samaki anayekimbia. Rodi ni nene kama mpini wa jembe. Shemeji, aliyekuwa akijigamba tangu Mtwapa kwamba yeye ni mvuvi wa mshipi wa mkono, alivuta jodari wa pili kwa dakika 20 na baada ya hapo hakuiomba tena rodi mpaka alasiri.

Mabaharia husema Benki tu. Kwenye ramani ni North Kenya Banks, miinuko iliyozama mbele ya ghuba ya Ungwana, kati ya Malindi na Lamu. Nilimwuliza nahodha kwa nini samaki wamependa pale badala ya kwingine kote, akanieleza kwa kutumia vikombe viwili vya chai juu ya meza. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka ukateremka kusini. Wa kwetu unapanda kutoka upande wa Tanzania. Ikikutana, yote miwili hugeukia bahari kuu, na maji baridi ya chini yenye rutuba hupanda juu. Vidagaa hufuata chakula, jodari hufuata vidagaa, na marlini hufuata jodari. Sijapata kufundishwa jiografia vizuri hivyo, na mwalimu alikuwa amekaa hapo hapo.

Malindi ina jina katika mchezo huu tangu zamani. Ernest Hemingway alivua hapa mwaka 1934. Lakini ukitoka asubuhi na kurudi jioni, ukifika Benki huna muda wa kuvua. Kulala hukohuko ndiko kunakolipa.

Sasa kero, na hii si ndogo. Tulikuwa watu saba botini. Jioni ya kwanza, upepo ulipozidi kidogo, nilikwenda kutafuta jaketi okozi nikahesabu tano. Nikahesabu tena. Mmoja wa mabaharia aliinamisha uso akasema walishaiambia ofisi mara mbili. Niliporudi nikamwuliza mwenye kampuni, akanijibu, "Kwani nyinyi watu wa pwani hamujui kuogelea?" Kosa ni langu pia: nilipanda boti nikaanza kupiga picha, sikufungua hata kabati moja. Fungueni makabati mkiwa bado mmefungwa gatini. Hesabuni jaketi, ombeni muonyeshwe redio ikifanya kazi, na muulize injini zote mbili zilifanyiwa matengenezo lini. Mkionekana wasumbufu, na iwe hivyo.

Marlini alikuja siku ya pili, kama saa nne asubuhi. Zamu ilikuwa yangu. Niliona kwanza kitu kama kijiti cheusi kikikata maji nyuma ya chambo cha kulia, halafu rili, ile roda ya kuzungushia mshipi, ikapiga kelele ambayo sijui niifananishe na nini. Baharia mkubwa alinifunga mkanda wa kiunoni wenye kikombe cha kuwekea kitako cha rodi, akanishika mabega kutoka nyuma. Samaki akaruka. Akaruka tena na tena, milia ya buluu mbavuni inang'aa kama taa ya polisi, na mshipi unaondoka tu. Mimi nikawa navuta kwa nguvu zangu zote, ujinga mtupu, mpaka nahodha akanipigia kelele kutoka juu: "Mpe! Akitaka mpe, akisita mdai!" Kuanzia hapo nikaelewa. Alikuwa akiirudisha boti kinyumenyume taratibu, mimi nikazungusha rili pale tu mshipi unapolegea. Nusu saa na ushei. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba baadaye sikuweza kushika kikombe.

Alipofika ubavuni nahodha alimkadiria kilo 70. Hawakumpandisha. Baharia mdogo alimshika mdomo kwa glavu, mwenzake akachomeka kijialama chembamba chenye namba karibu na pezi la mgongoni, wakajaza kadi ya kupelekwa kwa African Billfish Foundation, taasisi inayofuatilia samaki hawa, yenye makao yake Watamu. Kisha, na hili ndilo lililonigusa, hawakumtupa tu. Boti ilisogea polepole naye akiwa ameshikwa kando, maji yapite kwenye matamvua, mpaka rangi ikamrudia na mkia ukaanza kupiga wenyewe. Ndipo wakamwachia. Wanaume watatu waliochoka, hawajala tangu alfajiri, wakimbembeleza samaki. Nahodha akaniambia marlini wa buluu ndio wakubwa kuliko hawa, na yale majitu yanayotajwa kwenye hadithi za wavuvi ni majike; dume lake halifiki popote.

Usiku hatukurambaza. Injini ilizimwa, boti ikaachwa ielee na mkondo, ngisi wakatundikwa kwenye ndoana na kushushwa chini sana, kila mshipi na kijiti chake cha mwanga. Tulikuwa tunamtafuta samaki-upanga (swordfish), yule mwenye mdomo bapa kama upanga, ambaye mchana hukaa kilindini na usiku hupanda kula. Ndiye aliyemshika fundi saa nane za usiku. Hakuruka kama marlini. Alikwenda chini tu, mzito, kama aliyenasa kwenye gari. Dakika 50. Kisha mshipi ukalegea, fundi akaanguka chali juu ya ndoo ya ngisi, na kwa muda hakuna aliyethubutu kucheka.

Kuswali baharini kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, maana kutoka pale Kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Tatizo ni boti inayoelea: unakabiri kaskazini, unasujudu, unainuka umegeuzwa Mashariki. Nahodha alicheka akasema anza vizuri, mengine Mungu anaona.

Chakula kamili cha kampuni kilikuwa mikate ya kukata, sosej, biskuti na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Barafu ilipungua siku ya pili mchana. Kilichotuokoa ni baharia mdogo na jiko lake la gesi. Alikata jodari vipande vyembamba, akavikamulia ndimu na kunyunyiza chumvi na pilipili mbichi, tukala hivyo hivyo tumesimama. Jioni fulusi wa kupaka, na nazi alikuwa amekuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani. Mwalimu, ambaye bahari ilikuwa imemlevya tangu saa ya kwanza, ndipo alipoonja kitu kikakaa tumboni. (Dawa ya kichefuchefu imezwe usiku kabla ya safari. Yeye aliimeza tumeshaondoka, ikatoka naye.)

Siku ya tatu injini moja ilipata joto na kuzimwa. Tulirudi na ya pili, taratibu, saa saba nzima. Gatini tukakabidhiwa karatasi: mafuta ya ziada Sh24,000. Ziada ya nini, wakati injini ni yao na tulishapatana kwamba mafuta yamo? Tulilipa nusu ili watu wakalale, na hiyo nusu nyingine ndiyo tunayodaiana. Mapatano yetu yalikuwa ya simu na ya mdomo. Andikeni.

La mwisho ni samaki wenyewe. Tulipoteremka tukiwa tumeshagawana jodari kwa macho, msimamizi akatwambia samaki ni wa boti, mteja hupewa kipande cha mboga. Kila mmoja akatoka na kipande cha kama kilo mbili. Nimeambiwa baadaye kwamba desturi hiyo ipo kwenye boti nyingi za aina hii, lakini desturi unaelezwa kabla, hutangaziwi ngazini na begi mkononi.

Ofisi naipa nyota moja, na hiyo ni ya yule msichana wa simu aliyekuwa na adabu. Nahodha na mabaharia wake nawapa tano, na ningekuwa na ya sita ningewapa.

Mama anakaa hapo hapo Malindi. Alikitazama kipande changu, akanitazama mimi nilivyoungua jua, akataka kujua elfu themanini imekwenda wapi. Nikamwonyesha picha ya marlini. Nikamweleza habari ya kijialama na kadi, kwamba akivuliwa tena hata nchi nyingine itajulikana alipitia kwetu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "kwani mulikwenda kuvua ama mulikwenda kusalimiana nao?"

Baada ya Magharibi hodi ikapigwa. Ni baharia mdogo, na gunia dogo mkononi: kichwa cha nguru, kikubwa, cha kuchemsha. Alisema nahodha ametuma salamu. Mama alikipokea, akakigeuza huku na huku, akakiridhia. Habari za marlini hakuziuliza tena. Aliuliza yule kijana ni wa nani.