Ford F-150 XLT ya lita 2.7: injini niliichagua kwa tela, daraja nikaiachia stika ya mlangoni

Nina mwaka mmoja na nusu na pikapu hii, na nimeiendesha maili 27,000, karibu nusu yake nikiwa na tela nyuma. Ni Ford F-150 ya 2021, daraja la XLT, kabini ya milango minne, bodi ya futi tano na nusu, inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Injini ni V6 ya lita 2.7 yenye turbo mbili. Niliinunua yadi ikiwa imeshatembea maili 41,000. Naandika kwa sababu ndugu zetu wengi hapa Dallas na Fort Worth, Texas, wananipigia simu wakitaka pikapu, na swali lao la kwanza ni lilelile lililonipotezea mimi miezi mitatu: injini ipi ina nguvu zaidi?

Kwanza niseme kazi ninayoipa. Siku za wiki niko ghalani. Wikiendi mimi na mke wangu tunapika: harusi, sendoff, komunyo, misiba, kuanzia Fort Worth hadi Houston, na mara mojamoja Oklahoma City. Tunavuta tela lenye jiko la chuma la kuchomea nyama, meza na mahema mawili. Kwenye bodi yanakaa masanduku ya barafu yenye nyama, masufuria ya pilau na mkaa. Ndani tunakaa watu wazima wanne, maana pilau ya watu 300 haipakuliwi na watu wawili.

Zamani tulilivuta tela hilo kwa gari la familia. Februari moja tukirudi kutoka Abilene kwenye barabara kuu ya I-20, upepo wa ubavuni ukalipiga, likaanza kuyumba, kushoto, kulia, na kila nikigusa breki linazidi. Nikaachia mafuta, nikashika usukani bila kuupigisha. Nyuma nilimsikia mwanangu akiuliza, "Baba, kuna nini?" Likatulia polepole. Usiku ule mke wangu alisema tela halitoki tena mpaka tupate gari linaloliweza. Baadaye nilielewa kwamba gari dogo lilikuwa sehemu tu ya tatizo. Masufuria mazito tulikuwa tumeyapanga nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya tela, kwa hiyo mbele kulikuwa kwepesi mno. Tela linataka kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake iukalie ule mpira wa chuma uliofungwa kwenye gari, ndipo lifuate kwa adabu. Kumbuka asilimia hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuja kuamua kila kitu.

Nikaanza kusoma injini. F-150 ya 2021 ilitoka na sita: V6 ya lita 3.3 isiyo na turbo, nguvu farasi 290. V6 ya 2.7 yenye turbo, farasi 325; V8 ya 5.0, farasi 400. V6 ya 3.5 yenye turbo, nayo farasi 400. Dizeli ya 3.0, farasi 250. Na haibridi ya 3.5, farasi 430. Nilitaka V8. Nilipenda mlio wake, na nilipenda kwamba haina turbo za kuja kubadilisha siku moja. Sijabadili heshima yangu kwake: mtu anayekusudia kukaa na gari miaka 15 na hataki mambo mengi chini ya boneti, hiyo 5.0 ni chaguo la busara.

Ila kwa anayevuta, usiishie kwenye hesabu ya farasi. Tazama nguvu ya kukokota na inapatikana injini ikizunguka kwa kasi gani. V8 inatoa futi-paundi 410, lakini mpaka uipandishe kupita mizunguko 4,000 kwa dakika. Ile 2.7 ndogo inatoa 400, na inazitoa ikiwa karibu na 3,000. Tofauti ya 10 huisikii kabisa. Tofauti ya mizunguko utaisikia kila unapopandisha mlima, kwa sababu V8 itashuka gia na kunguruma wakati hii 2.7 bado inatembea kwa utulivu. Na 3.5 yenye turbo ina 500. Hiyo ndiyo ya wenzetu wanaovuta magari ya mnadani. Tela la kubebea gari pamoja na gari lenyewe huvuka paundi 6,000 bila shida, na huko 2.7 ningeiona inateseka.

Haibridi ilinivuta kwa sababu ya umeme. Inakuja na soketi za kilowati 2.4, na ukilipia zaidi unapata 7.2, zinazotosha kuendesha vitu vingi vya nyumba. Februari 2021, Texas ilipogandishwa na baridi na mamilioni ya watu wakakaa gizani, Ford iliwaomba wauzaji wake wa hapa wawaazime watu haibridi walizokuwa nazo wazitumie kama jenereta. Sisi tulikuwa gizani siku zile, kwa hiyo habari ile ilinigusa. Tatizo lilikuwa bei. Zilizotumika zilikuwa zinauzwa maelfu kadhaa ya dola juu ya zile za petroli. Kisha nikagundua hata 2.7 inaweza kupatikana na soketi za kilowati 2.0 kwenye bodi. Friza letu dogo, taa za hema na spika haviifiki hiyo.

Sasa habari ya daraja. Kwa asiyezijua, zinapanda hivi: XL ya kazi, XLT, Lariat yenye ngozi, King Ranch, Platinum, Limited. Kwenye yadi ya kwanza muuzaji alitukalisha ndani ya Platinum yenye ile 3.5. Paa la kioo, viti vinavyokanda mgongo, skrini kubwa. Mimi nilikuwa nimeshalainika. Muuzaji akasema, "Hii inavuta paundi elfu kumi na moja, tela lenu ni kitu kidogo sana." Mke wangu akaniuliza kwa Kiswahili, "Kuvuta inavuta. Na kubeba je?"

Tukafungua mlango wa dereva. Pale kwenye nguzo, usawa wa kiuno, kuna stika nyeupe yenye ukanda wa njano, ndiyo hiyohiyo inayoandika upepo wa matairi. Ina mstari mmoja unaosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kamwe kiasi fulani. Nilichuchumaa kuisoma. Ilisema paundi 1,312.

Tela tulikuwa tumeshalipeleka kwenye mizani ya malori, tukavutiwa na pikapu ya rafiki, likapimwa limefungwa na likapimwa limefunguliwa. Likiwa limepakiwa ni paundi 4,000, na kwenye mpira linabwaga 480, yaani asilimia 12. Mke wangu akatoa simu akaanza kujumlisha palepale. Tela, 480. Sisi wanne, 740, na hatukudanganyana kilo. Masanduku ya barafu, masufuria na mkaa kwenye bodi, 420. Jumla 1,640. Gari la bei kubwa kuliko yote pale uwanjani lilikuwa limezidiwa kwa paundi 328 kabla hatujatoka getini. Muuzaji alirudia habari ya elfu kumi na moja mara mbili zaidi. Hakuigusa ile stika.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndilo ninalowaambia wote wanaonipigia. Kuvuta ni kazi ya injini na gia. Kubeba ni kazi ya springi, ekseli na matairi. Na kila kitu cha starehe kina uzito: kioo cha paa, mota za viti, rimu kubwa, ekseli ya mbele ya kuvuta magurudumu manne. Uzito huo unatolewa kwenye mzigo wako. Ndiyo maana F-150 mbili za mwaka mmoja zenye injini moja zinaweza kupishana mamia ya paundi kwenye hiyo stika. Tangazo la mtandaoni halitakuonyesha. Mwombe muuzaji akupigie picha ya nguzo ya mlango kabla hujaendesha kwenda kuiona. Akikataa, tafuta nyingine.

Hii yangu nilipata karibu na Waco. Picha ya stika ilikuja kwenye simu saa tano usiku: 1,741. Asubuhi tukaondoka.

Sasa matumizi. Safari ngumu kuliko zote ni ya Oklahoma City Julai, pale I-35 inapopanda milima ya Arbuckle baada ya Ardmore. Nikiwa na tela na modi ya kuvuta imewashwa, gia boksi ya gia 10 inashuka gia mbili au tatu, inashikilia hapo, na mwendo unabaki maili 65. Sindano ya joto haijawahi kusogea, hata AC ikiwa imefunguliwa yote. Upepo wa ubavuni bado unaliona tela, lakini sasa mkia hauvuti kichwa. Mwanangu alilala njia nzima mara ya kwanza, na mimi nilikuwa namtazama kwenye kioo zaidi ya nilivyotazama barabara ya nyuma.

Kurudisha tela nyuma ndiko kulikokuwa kunaniaibisha mbele ya wenye shughuli. Hii ina kitasa kidogo kwenye dashibodi: unaachia usukani, unazungusha kitasa upande unaotaka tela liende, gari linajiongoza lenyewe. Wiki ya kwanza sikukiamini. Sasa naingiza tela kwenye vijia vya nyuma ya makanisa ambavyo zamani tungelifungua tukalisukuma kwa mikono.

Mafuta: bila tela napata maili 21 kwa galoni kwa mchanganyiko wa mji na barabara kuu, moja chini ya 22 iliyotangazwa rasmi. Nikiwa na tela inashuka hadi 11 au 12. Turbo ndivyo zilivyo, ukiiomba nguvu inakunywa. Na hapa ndipo nina majuto yangu makubwa. Tangi langu ni la galoni 23. Kwenda Houston na tela siwezi kufika bila kujaza, lazima nisimame Madisonville, nyama ikiwa kwenye barafu na muda unakwenda. Kuna tangi la galoni 36 lililokuwa likiuzwa kama nyongeza. Kama ningeanza upya ningelitafuta hilo kabla ya skrini, kabla ya ngozi, kabla ya rangi.

Jingine ni sakafu. XLT ina zulia na viti vya kitambaa. Kwa joto la Texas kitambaa hakikuunguzi mapaja, hilo nalipenda. Lakini kinashika moshi wa nyama, na mafuta ya pilau yakimwagika kwenye zulia yanabaki. XL ina sakafu ya vinili unayoipangusa kwa kitambaa chenye maji ikaisha. Nimenunua mikeka mizito ya mpira, imesaidia, ila kwa mpishi au fundi wa ujenzi nasema wazi: msiidharau XL.

Soketi za kwenye bodi zimetulipia gharama zake. Jenereta letu la zamani lilikuwa linapiga kelele mpaka padri anasimamisha sala. Sasa friza na taa vinapata umeme kwenye gari. Injini inabidi iwe inaunguruma muda wote, tofauti na haibridi inayojizima na kuwaka yenyewe, lakini ukiegesha nyuma ya hema haisikiki.

Matunzo sijaona la ajabu. Oili ni 5W-30, kwati 6, namwaga kila maili 5,000 kwa sababu ya tela. Nikishuka mlima mrefu na tela, siizimi injini palepale, naiacha dakika mbili turbo zipoe. Na ukinunua 2.7 iliyotumika ya 2021 au 2022, chukua namba ya utambulisho ya gari, VIN, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani. Mwaka 2024 Ford ilitangaza kuyaita yarudi kukaguliwa baadhi ya magari yake ya miaka hiyo yenye injini za petroli zenye turbo za 2.7 na 3.0, kwa ajili ya vali za kuingizia hewa. Niliiangalia yangu siku ileile, haimo. Ukaguzi huo ni bure na unachukua dakika moja.

Juzi ndugu mmoja wa Arlington amenitumia picha ya Lariat, nyeusi, nzuri kweli, V8, na nguzo ya mlango ameipiga vizuri: 1,540. Akauliza kama aichukue. Nikamuuliza tela lake la mashine za kukatia nyasi lina uzito gani. Hajui. Jumamosi tunalipeleka mizani.