Nyota moja, nayo ni ya mafundi

Nianze na haki ya hawa wauzaji wangu wa intaneti, waliofilisika na kutuzimia. Huduma ilipokuwepo, ilikuwa nzuri. Mimi nahariri sauti za mahojiano na kuwarushia wateja mafaili mazito, kwa hiyo kasi ninayoitazama kwanza ni ya kupakia, ile ambayo kampuni nyingi huiandika kwa herufi ndogo huku zikijitapa kwa kasi ya kupakua. Hawa walitoa zote mbili sawa. Mafundi wao walipitisha waya ukutani wakafagia na vumbi lao, na ukiwapigia walipokea. Nyota moja niliyoweka hapo juu ni yao. Ofisi haipati kitu.

Siku ilipokatika, ruta ilikuwa haina dalili yoyote ya ugonjwa. Taa ya PON, ile ya kuonyesha ruta imeshika mtandao wa faiba, ya kijani imetulia, ya LOS haijawaka. Wanaotumia faiba wananielewa: LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, waya umekatika au umekunjwa mahali. Hapa mwanga ulifika vizuri. Ruta ilituma jina na nenosiri ipewe anwani ya kuingilia mtandaoni, na upande wa pili hakukuwa na wa kuitikia. Ndipo nilipoelezwa na fundi mmoja, kwa simu yake binafsi, kwamba waya haujawahi kuwa wao. Waliukodi kwa jumla kutoka kwa kampuni kubwa inayomiliki miundombinu, wakatuuzia rejareja. Kodi ikalimbikizwa, mwenye waya akawafungia. Programu yao ya simu, wakati huohuo, ilikuwa inaandika "maboresho ya mfumo", tena na alama ya kutabasamu.

Tangazo la ufilisi nalo lilikuja kwa barua pepe. Kwa anwani ipi? Ileile waliyotupa wao tulipojiunga, iliyokaa kwenye seva zao, zilizozimwa pamoja na vingine vyote! Nakala niliisomea kwa jirani ambaye tangu mwanzo alijiandikisha kwa Gmail.

Na hili la anwani linauma kuliko intaneti yenyewe. Intaneti nimepata kwingine, ya polepole lakini ipo. Anwani ndiyo iliyokuwa kwenye ankara zangu, benki, kila mahali. Ukitaka kubadilisha, unaambiwa: tumekutumia namba ya uthibitisho kwenye barua pepe yako. Hiyohiyo iliyokufa. Benki nimelazimika kwenda mwenyewe na kitambulisho mkononi. Kuna mteja wa zamani alinitumia kazi, ikamrudia, akadhani nimeacha shughuli.

Kwa kufilisika peke yake nisingemwandikia mtu nyota moja. Biashara ya intaneti inakula mtaji, na mahakama zina njia za kumlinda mwenye madeni aendelee kuhudumia watu. Frontier, kampuni ya intaneti ya Marekani, iliingia kwenye ufilisi Aprili 2020 na kutoka Aprili 2021, na wateja wake waliendelea kuunganishwa muda wote. Upande wa pili kuna NorthPoint, nayo ya intaneti, hukohuko Marekani, mwaka 2001: AT&T, kampuni kubwa ya simu, ikanunua mitambo, wateja haikuwataka, laini kama 100,000 za DSL (intaneti ya kwenye waya wa simu) zikazimwa. Sisi tumefanyiwa ya NorthPoint. Mwenye waya yupo, waya upo, ingetosha kutukabidhi kwa muuzaji mwingine na kutupa wiki kadhaa za kuhama.

Badala yake, hadi karibu na siku ya kuzima, walikuwa wanatusukumia ofa ya mwaka: lipa miezi kumi, tumia kumi na miwili. Nililipa, kama walivyolipa wengi. Kodi ya waya ilikuwa imelimbikizwa kwa muda, na mtu wa hesabu pale alikuwa anaiona kila mwezi. Ujumbe wa ofa haukusimama. Hapo mimi naacha kuita bahati mbaya.

Sasa naitwa mdai. Kwa kawaida wenye dhamana, yaani waliokopesha kwa kuwekewa mali rehani, hutangulia, gharama za ufilisi nazo hukatwa mapema, mishahara ya wafanyakazi mara nyingi hupewa kipaumbele (na mafundi wale naomba walipwe kabla yangu), halafu sisi tusio na dhamana tunagawana kilichobaki, kama kipo. Nimejaza fomu ya madai, nimeambatisha risiti ya malipo ya mwaka na ile ya amana ya ruta. Ukiwa mteja wao, jaza hata kama kiasi ni kidogo. Asiyewasilisha madai hayumo hata kwenye hesabu.

Barua ya mwisho ya mfilisi, yule anayesimamia mali na madeni ya kampuni sasa, ndiyo imenichekesha. Ananikumbusha kwamba ruta ni mali ya kampuni, niirudishe, usafirishaji juu yangu. Kuhusu amana niliyoiwekea ruta hiyohiyo, ananielekeza kwenye fomu. Nimemjibu kwamba ruta ipo, nzima, na chaja yake. Waje na amana, waichukue.