Mkanda wa mgongo: wenyewe naupa nyota 3, boksi lake silipi hata moja

Mwezi wa nne sasa tangu ninunue huu mkanda kwahiyo nadhani nina haki ya kuusema vizuri na vibaya. Ilianza na ndoo ya maji ya lita 20. Nikainama nikainyanyua, na badala ya kugeuka na miguu nikazungusha kiuno kuiweka pembeni, hapo hapo mgongo wa chini ukakamata, kama mtu kanichoma na kitu cha moto halafu akakaza nati. Nikabaki nimeinama hivyo hivyo nimeshika ukuta, maji yote chini, mwanangu anauliza baba unatafuta nini.

Usiku ule ule nikiwa nimelala chali na simu nikaagiza. Ni ile mikanda mipana myeusi ya lastiki, nyuma ina vijiti vinne vya plastiki vya kusimamisha mgongo, mbele unafunga na velkro, halafu kuna lastiki mbili za pembeni unazivuta kukaza zaidi. Kampuni sitaji, hii mikanda yote inafanana kama pacha.

Kosa la kwanza langu mwenyewe, niliagiza kwa saizi ya suruali. Usifanye hivyo! Suruali tunavalia chini ya kitambi, mkanda unapita juu yake, kwahiyo chukua futi ya fundi nguo pima kuzunguka usawa wa kitovu. Wa kwanza haukukutana hata velkro, nikarudisha, nikaletewa mwingine, na hapo ndo ikaanza kazi.

Na kazi umefanya, siwezi kuukana. Zile siku tatu za mwanzo kutoka kwenye kiti ilikuwa sherehe, kukohoa nilikuwa naomba ruhusa kwanza, kupiga chafya ndo usiseme. Ukiufunga unahisi kama kuna mtu amekushikilia kwa nyuma kwa viganja viwili, na ukitaka kuinama ovyo vile vijiti vinakukumbusha. Kutoka kitandani nao pia ulisaidia ila hapo kilichosaidia zaidi ni kujifunza kugeuka ubavu kwanza, kushusha miguu, ndo unajisukuma na mkono, yani ile ya kuamka kwa kukaa wima moja kwa moja sahau kabisa.

Kero zake sasa. Ukikaa unapanda, baada ya nusu saa uko kwenye mbavu na vijiti vinadunga. Jasho linakusanyika, mimi nilitoka vipele mpaka nikaanza kuvaa fulana ya ndani kwanza. Velkro inakula masweta. Kufua ni kwa mkono na ufunge velkro kabla, la sivyo inazoa nyuzi za kila kitu kwenye beseni na haishiki tena.

Lakini kilichonikera hasa ni boksi. Limeandikwa eti unazuia maumivu ya mgongo, na kuna picha ya jamaa amejipinda kama upinde ananyanyua kreti huku anacheka. Mimi nikaamini, wiki ya pili nikajiona fundi, nikafunga mkanda nikabeba mfuko mzito wa kilo sijui ngapi, mgongo ukakamata upya, siku nyingine tano. Ndo nikaanza kusoma, na kumbe hii habari ni ya zamani. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayohusika na usalama kazini, ilifuatilia wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka, matokeo yakatoka mwaka 2000, na waliovaa mkanda waliumia mgongo sawa tu na wasiovaa. Hao hao NIOSH kikokotoo chao cha kunyanyua mzigo kinaanzia kilo 23 kama kiwango cha juu, na hapo ni mzigo uko karibu na mwili, huinami sana, hujipindi. Ndoo yangu ilikuwa kilo 20 za maji peke yake, na mimi niliibeba kwa mkono mmoja nimejipinda, kwahiyo hata nisishangae.

Kilichoniponya hasa ni vitu ambavyo havina boksi. Chupa ya maji ya moto niliyoifunga kwenye taulo, dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, ule ugumu unalegea unausikia kabisa. Ibuprofeni siku chache baada ya kula, ila muulize mfamasia kwanza hasa kama una vidonda vya tumbo, figo, presha au ni mjamzito. Na kutembea. Siku ya kwanza nililala kutwa nikidhani ndo napumzisha, jioni nimekakamaa kama ubao, kesho yake nikawa nazunguka ndani taratibu kila baada ya muda na nikaona tofauti. Kuna utafiti wa Australia uliotoka 2024 kwenye jarida la Lancet, watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo, kundi lililopewa programu ya kutembea na kuelekezwa na fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) lilifika siku 208 kabla nusu yao hawajaumwa tena, wenzao siku 112. Kutembea tu jamani, na hakuna velkro.

Nilitaka pia kukimbilia hospitali kupiga picha ya mgongo, fizio wangu akanituliza kwamba mkazo wa kawaida wa misuli wengi unapungua sana ndani ya wiki chache na picha haibadilishi kitu. Ila alinihoji kwanza: mguu umelegea? ganzi kwenye makalio na sehemu za siri? mkojo au choo kinagoma au kinatoka bila kujua? homa, kukonda bila sababu, ulianguka, uliwahi kuwa na saratani? Ukiwa na chochote hapo acha kusoma rivyu, nenda hospitali, na hayo ya ganzi na mkojo ni siku hiyo hiyo.

Kwahiyo ununue? Kama mgongo umekamata leo na lazima kesho usimame kazini, ndio, uvae saa mbili tatu, uuvue, utembee. Kama unataka wa kuvaa kila siku ili ubebe mizigo bila kuumia, huo haupo. Wangu unaning'inia nyuma ya mlango, velkro ya kulia imeshaanza kuchoka. Ndoo siku hizi najaza nusu, naenda mara mbili.