Mpira wa kikapu: pasi ya kifua au ya kudunda?

Hapa Mtwara mabishano haya hayaishi jioni. Kwa kasi, ya kifua inashinda: unausukuma mpira kwa mikono miwili, vidole gumba vikimalizia vimeelekea chini, na unamfikia upesi mwenzako aliye nje ya mstari wa pointi tatu. Kwa usalama, beki mrefu akikukabili kwenye eneo la sekunde tatu, lile lililo mbele ya kikapu, dundisha. Mpira uguse sakafu theluthi mbili ya njia, umfikie mwenzako kiunoni. Ila uwanja wetu wa saruji una mchanga na nyufa. Mpira ukidunda kwenye ufa unakwenda unakotaka wenyewe, na inaniuma kuona shambulizi zuri likifa hivyo. Kama sakafu yenu ni safi, dundisheni bila woga. Sisi tunafagia kwanza.