Sweden au New Zealand: sheria ipi inamlinda anayejiuza?

Bunge likikaa hapa Dodoma, mjadala huu haukosi kwenye meza ya nyama choma. Tumwadhibu mnunuzi, kama Sweden tangu 1999, au tuondoe jinai, kama New Zealand mwaka 2003? Kwetu kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamlenga anayejiuza. Mteja anadandia bodaboda, huyoo.

Kwa usalama, naipa New Zealand. Aliyepigwa anaweza kwenda polisi bila kuhofia kulala mahabusu yeye, na kondomu ni lazima kisheria. Sweden nako muuzaji haadhibiwi, ila mteja mwenye hofu ana haraka: dada anaingia garini kabla hajamwona usoni vizuri.

Kubana wanunuzi, Sweden. Na New Zealand ina tundu lake: mgeni mwenye viza ya muda haruhusiwi kazi hiyo, basi anajificha.

Unamtetea binti aliyedanganywa kazi za ndani akaishia kuuzwa? Sweden inamgusa anayemnunua. Mama anayesema hawezi kuiacha kazi hiyo mwezi huu? New Zealand inamfaa zaidi.